Asiyechangia Asile?

Shule ya msingi ya kutwa ina vitabu vingi ambavyo mthibiti ubora akija lazima avione: rejista ya mahudhurio, kitabu cha wageni, kitabu cha kumbukumbu za shule, kitabu cha adhabu ya viboko. Daftari la chakula hakuna aliyewahi kuniomba. Ni kauntabuku la kwaya mbili, jalada jekundu, kona zimeliwa. Ndani nimepiga mistari kwa rula: jina la mwanafunzi, darasa, mahindi, maharage, fedha ya mpishi na chumvi. Aliyekamilisha namwekea tiki. Aliyeleta nusu namwandikia nusu. Asiyeleta kitu nafasi yake inabaki nyeupe.

Kabla hatujabadilisha utaratibu, saa sita na nusu mchana, makande yakishaiva, mwalimu wa zamu alikuwa akisimama karibu na jiko na daftari hilo mkononi. Wenye tiki hupanga foleni na bakuli zao za plastiki. Wasio na tiki huambiwa wabaki darasani wajisomee. Hawakujisomea. Wengine huenda bombani wakanywa maji mpaka matumbo yakajaa, wengine hukaa chini ya mbuyu wakimung'unya ubuyu ikiwa ni msimu wake. Wale wa darasa la kwanza na la pili, ambao bado hawajajifunza kuficha, husimama hatua chache kutoka kwenye foleni na kuutazama mwiko unavyokwenda na kurudi.

Mimi ndiye mwalimu wa chakula. Nafundisha darasa la pili, kusoma, kuandika na kuhesabu, katika kijiji kimoja cha Ugogo, mkoani Dodoma. Daftari hili limenifikirisha juu ya Mungu kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia kanisani. Swali lake ni fupi: mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia, ale au asile? Afisa mipango akiniuliza nitamjibu kwa kilo na magunia. Lakini majibu mabaya kuliko yote niliyowahi kusikia kuhusu swali hili yalitolewa na watu waliotaja aya au methali, tena kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana naona linatuhusu sisi tunaosali kabla halijamhusu afisa mipango.

Nieleze kwanza jinsi tulivyofika hapa. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Januari 2016 elimu bila malipo ilifikishwa hadi kidato cha nne. Serikali huleta ruzuku, ambayo kiwango chake kilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na humo mna vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Chakula hakimo. Waraka uliofafanua mpango huo mwaka 2016 uliwaachia wazazi sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, masufuria yetu yalilala stoo kwa muda, mpaka ilipofafanuliwa kwamba wazazi wakikubaliana kwa hiari yao wanaweza kuchangia, ila asifukuzwe mtoto shuleni kwa sababu ya mchango. Nasi hatukumfukuza. Tulimwacha ndani ya uzio, akisikia harufu ya maharage.

Wenzangu waliokuwa kazini miaka ya 2000 wanaikumbuka enzi nyingine. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likileta chakula katika shule nyingi za mikoa ya ukame, Dodoma na Singida zikiwemo, na uji wa unga uliochanganywa na soya ulikuwa wa wote. Walimu hao wanasema mahudhurio ya enzi zile hawajayaona tena. Mradi ulipokwisha, masufuria yalibaki na maswali yakaanza.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya shule ni mzee ninayemheshimu. Analima alizeti na mtama, ni mzee wa kanisa, na kila mwaka debe lake ndilo la kwanza kufika. Siku niliyopendekeza kikaoni kwamba tupike kwa wote, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu mwalimu, ukimlisha asiyechangia leo, mwakani utapika maji." Akanikumbusha barua ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike, pale anapoagiza kwamba asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula. Akamalizia na ile ya wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kikao kizima kikaitikia kwa vichwa.

Hoja yake ina nguvu, na sitaki kuifanya ya kijinga ili niishinde kwa urahisi. Methali hiyo hiyo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza ujamaa ni nini: jamii inayomkaribisha kila mtu ina haki ya kumtaka kila mtu ashike jembe. Mzee wangu hakuwa bahili. Alikuwa akilinda chungu. Anajua, kama ninavyojua mimi, kwamba katika kijiji chetu wapo watu wazima na afya zao ambao wakiona mlango uko wazi wataingia mikono mitupu na kutoka wameshiba, na kwamba mjane aliyejibana akatoa debe lake ataona amefanywa mjinga. Uchungu wa mjane huyo ni jambo la haki pia.

Lakini tuisome tena hiyo barua. Paulo anawasema watu wazima wa Thesalonike waliokuwa na nguvu zao na wakaacha kazi, wakizunguka kwa watu na kuingilia mambo yasiyowahusu. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mahema na alijilisha kwa mikono yake. Huwezi kumtoa mwanafunzi wa darasa la pili, mtoto wa miaka minane, ukamweka kwenye benchi la watu wale. Na Nyerere, aliyependa sana habari ya jembe, alipoandika Azimio la Arusha mwaka 1967 alitaja waziwazi wanaostahili kutegemea jasho la wengine: watoto wadogo, wazee sana, wenye ulemavu, na wale ambao dola kwa wakati fulani haijaweza kuwapatia kazi. Watoto ndio wa kwanza kutajwa. Nilimsomea mzee sehemu hiyo. Akacheka kidogo, akasema, "Sisemi mtoto alime. Nasema baba yake alime. Mtoto akirudi nyumbani na njaa, baba atasikia."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo halikuwa limesemwa kikaoni. Hakuna anayedai kwamba mtoto ana kosa. Njaa yake imetumwa kama barua kwa mzazi. Chuoni, kwenye somo la falsafa ya elimu, tulifundishwa habari za Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18, na fundisho lake kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Tulikariri kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba siku moja ningekutana na Kant jikoni, mtoto akiwa chombo na lengo likiwa debe la mahindi.

Na barua yenyewe inafika wapi? Niliamua kuzifuata nafasi nyeupe nyumba kwa nyumba, nikiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Nyumba moja ni ya bibi anayelea wajukuu watatu. Binti yake yuko Dar es Salaam anafanya kazi za ndani na hutuma fedha kwa simu anapoweza, yaani si kila mwezi. Tulimkuta amekaa kivulini kwa nje, kwenye ukuta wa tembe. Hakulalamika wala kuomba. Alituingiza ndani akafunua kilindo cha gome la mti anachohifadhia nafaka, akatuonyesha uwele uliobaki chini kabisa. Alizamisha mkono wake mpaka kwenye kiwiko ndipo akaugusa. "Mwalimu, hii ni mbegu," alisema. "Mvua ya kwanza ilitudanganya, niliyopanda yameungua. Nikikupa hii, nipande nini?" Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayefanya biashara halali, kama angeweza kuleta mwezi wa sita.

Ilikuwa Januari. Sisi tulikuwa tukidai mchango Januari kwa sababu mwaka wa shule huanza Januari. Ugogo huvuna kuanzia Mei hadi Julai. Januari ndipo ghala linapokuwa tupu kuliko miezi yote, watu wanapanda au wanarudia kupanda, na aliye na nafaka ameificha iwe mbegu. Kama mtu angeombwa atafute mwezi mbaya kuliko yote wa kumdai mkulima wa Dodoma debe la nafaka, angeuchagua huu tuliouchagua sisi. Hakuna aliyeupanga kwa ukatili. Kalenda ilitufikia ikiwa imeshapigwa chapa, tukaifuata.

Bibi alileta Juni, kama alivyoahidi. Alileta uwele. Kamati ikabishana karibu saa nzima kama uwele unahesabika, kwa sababu daftari limeandikwa "mahindi". Katika nchi ambayo mahindi hukauka mara kwa mara na uwele unasimama, sisi tulikuwa tumeandika mahindi! Unga wa uwele hupika uji mzuri kuliko unga wowote ninaoujua, na watoto wetu wameunywa tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Niliandika tiki bila kusubiri mwisho wa mjadala.

Nafasi nyeupe nyingine ilinipeleka kwenye boma lenye ng'ombe wengi. Mwenye nyumba alitukaribisha kwa adabu, akatuletea vigoda, akasema watoto wake wanakula nyumbani. Kutoka shuleni hadi kwake ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu ya mtoto. Hawali nyumbani mchana. Wanakula usiku. Basi nafasi ya bibi na nafasi ya huyu bwana zilikuwa nyeupe sawasawa. Daftari halioni tofauti kati ya asiyeweza na asiyetaka, na hata kama lingeiona, anayekaa na njaa si bwana yule. Ni mwanawe, anayekaa dawati moja na mjukuu wa bibi, na saa nane mchana wote wawili wamelaza vichwa juu ya mikono.

Kuna sura katika kitabu cha nabii Ezekieli, ya 18, ambayo sisi watu wa Dodoma tungepaswa kuijua kwa moyo kwa sababu inazungumzia zabibu. Waisraeli waliokuwa uhamishoni walikuwa na methali: wazazi wamekula zabibu chachu, ganzi imewashika watoto. Mtu aliyewahi kuchuma zabibu ambazo hazijaiva huko Hombolo au Mpunguzi anaijua ganzi hiyo. Nabii anatumwa kuwaambia waache kuisema. Kila nafsi ni ya Mungu, ya baba na ya mwana, na mwana hatabeba uovu wa baba yake. Ni sura kali, na inapingana kwa namna fulani na maneno ya Kutoka kuhusu adhabu inayofika kizazi cha tatu na cha nne. Wachungaji wana njia zao za kuyapatanisha. Mimi ninachokiona ni hiki: methali ile haikuwa ya uongo kama maelezo ya dunia. Watoto huishi kweli na matokeo ya waliyotenda na yaliyowapata wazazi wao. Anayekunywa pombe ya mbegu, mwanawe halimi. Aliyekufa, mwanawe analelewa na bibi. Kinachokatazwa ni kuichukua hali hiyo na kuifanya kanuni, kuisema kana kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwamba umaskini wa mzazi unamfuata mtoto mpaka mlangoni mwa darasa, sina uwezo wa kuzuia. Kwamba nikifika nao jikoni niupigie mstari kwa rula, huo ni uamuzi wangu.

Kanisani wapo watakaosema umaskini ni mpango wa Mungu. Neno hilo nalisikia hasa kwenye misiba, na sina ugomvi na mfiwa anayetafuta pa kuegemea. Lakini Wagogo wana kumbukumbu inayotufundisha tahadhari. Njaa iliyoitwa Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, bado inatajwa. Mvua zilikosekana, kweli. Ila kabla ya hapo yalipita majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia, yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Ukame ulikikuta kijiji ambacho kilikuwa kimeshakombwa. Anayeeleza Mtunya kwa kutaja mvua peke yake anamsingizia Mungu kazi ya makamanda. Nami nikieleza njaa ya darasa la pili kwa kutaja ukame peke yake, bila kutaja kwamba ni sisi tuliochagua Januari na ni sisi tulioandika mahindi, nafanya jambo lilelile kwa kipimo kidogo.

Mwalimu mwenzangu anayefundisha darasa la tano ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na ndiye aliyenipa neno ambalo limekaa nami kuliko yote. Nilikuwa nimemlalamikia daftari. Akaniambia kwamba kwao mtoto ambaye hajabaleghe kalamu imeinuliwa juu yake: malaika haandiki dhambi zake. "Sasa wewe, mwalimu," akasema, "umeshika kalamu gani?" Alikuwa akitania, lakini hakuwa akitania sana. Akaendelea kunieleza kwamba zaka hawaihesabu kuwa hisani. Ni fungu la maskini lililokaa ndani ya mali ya tajiri, na tajiri akilitoa anarudisha kisicho chake. Zaka ya fitri hutolewa kwa chakula kabla ya sala ya Idi, na mkubwa wa nyumba humtolea hata mtoto mchanga. Nikamwuliza, na baba asipotoa? Akasema, "Baba ana hesabu yake. Mtoto hana."

Mchungaji wetu, kwa upande wake, aliniambia niamini tu, akanitajia mvulana wa Injili ya Yohana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, ambavyo Yesu alivitumia kulisha maelfu. Ni kweli pale hakuna aliyeulizwa amechangia nini. Lakini mimi sina muujiza. Nina magunia stoo, na yakifika Septemba huwa nayahesabu kwa macho tu kwa sababu nikiyahesabu kwa kidole nitalia.

Septemba nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu ndio mwezi wa mtihani wa darasa la saba, na siku za mtihani huo shule yetu ilikuwa tayari ikipikia watahiniwa wote. Wote. Daftari lilibaki kabatini. Asubuhi wanapewa uji wenye sukari, mchana wali kama umepatikana, na walimu wenyewe tunachanga bila kusukumwa. Hakuna mzee anayesimama kusema Paulo alikataza. Tunajua vizuri kabisa kwamba mtoto mwenye njaa hawezi kusoma swali hadi mwisho, tunajua namna herufi zinavyoanza kucheza mbele ya macho yake, na kwa kuwa siku hizo ufaulu wake ni ufaulu wetu, tunamlisha. Miaka saba tulimwacha akae darasani wenzake wakila, kisha siku mbili tunamshibisha ili aonekane amesoma. Matokeo yakitoka yana jina na daraja. Kisha tunasema huyu ana akili na yule hana, huyu amejitahidi na yule mvivu. Mungu akiniuliza habari za miaka hiyo saba, nadhani ataanzia na zile siku mbili, kwa sababu ndizo zinazoniondolea kisingizio cha kutojua.

Kuhusu walimu nitasema machache, ingawa ndio wenzangu na nawapenda. Umaskini haukuishia kwa watoto. Nawajua walimu ambao mshahara ukiingia benki hawauoni, kwa sababu kadi yao ya benki iko mfukoni mwa mkopeshaji wa mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu, anayeitoa fedha yeye mwenyewe na kuwarudishia kiasi cha nauli. Mwalimu wa namna hiyo huuza visheti na ubuyu wa rangi darasani. Mwenye shilingi mia ananunua, na asiye nayo anajifunza tena pale pale nafasi yake ni ipi. Mwalimu huyo huyo mchana hupakuliwa makande ya wanafunzi. Hana tiki naye. Hakuna anayemwuliza, kwa sababu ni mtu mzima na ameshika fimbo.

Kwenye mahafali wageni rasmi hutuambia kwamba ualimu ni wito. Nakubali. Nimeitwa, na nikiitwa tena nitaitika. Lakini nimegundua kwamba neno hili hutajwa hasa anapokosekana wa kulipia nyumba ya mwalimu. Yesu alipowatuma wanafunzi wake sabini aliwaambia wale wanachopewa katika nyumba wanazofikia, maana mtenda kazi anastahili ujira. Wito na ujira vilitajwa pamoja. Anayemsifu maskini kwa kujitoa, na wakati huohuo ndiye anayefaidi kujitoa kwake, asome Marko sura ya 12 kwa ukamilifu. Sisi hupenda kuanzia kwa mjane na senti zake mbili tunapochangisha ujenzi wa darasa. Mistari inayotangulia hapo inawashutumu wakubwa wa dini wanaokula nyumba za wajane. Sijawahi kusikia mchango ukiitishwa kwa mistari ile.

Hatimaye kamati ilikubali tujaribu kupika kwa wote. Hakukuwa na ushindi wa hoja. Nadhani walichoka tu kunisikia. Tukaamua mambo matatu: mchango ukusanywe baada ya mavuno, nafaka yoyote ihesabike, na mtoto yeyote aliyemo shuleni ale. Daftari likabaki, ila likahama jikoni likaenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, na majina yakawa ya wazazi.

Mzee mwenyekiti alikuwa amesema kweli kwa sehemu. Wapo walioacha kutoa. Mwenye boma la ng'ombe mwanzoni hakuleta kitu, na wawili watatu waliokuwa wakitoa walimwangalia yeye wakaacha. Makande yakawa mepesi, mpishi akaongeza maji, na kuna wiki za Novemba tulipika uji peke yake. Mama mmoja aliyetoa debe kamili alinifuata nyumbani jioni akaniambia mwanawe sasa anakula kidogo kuliko mwaka jana, ili mtoto wa mtu mwenye ng'ombe ashibe. Sikuwa na jibu la kumridhisha, wala si jambo la kulitafutia maneno matamu. Amepoteza kitu, na ni mimi niliyemsukuma akipoteze. Nilichoweza kufanya ni kwenda tena kwa mwenye ng'ombe, safari hii na mtendaji pamoja na mzee mwenyekiti mwenyewe, na nikashuhudia mzee akiitumia ile aya ya Wathesalonike kwa mtu ambaye Paulo alimkusudia. Aliisema vizuri. Bwana yule alileta magunia mawili ya mtama, akiwa amenuna, na tiki yake niliiandika kwa wino uleule.

Bado naulizwa kama nimefanya haki. Naona hivi: chungu chepesi cha wote kina kasoro ya wingi, na kasoro hiyo inaweza kuzibwa na watu wazima wakiamua. Chungu kizito cha nusu ya darasa kina kasoro nyingine, kwa sababu kinamfundisha kila mtoto, aliyeshiba na asiyeshiba, somo ambalo hatukuliandika kwenye mtaala na ambalo hakuna mwalimu wa kulifuta baadaye. Wenye tiki wanajifunza kwamba ni kawaida kula mbele ya mwenzako asiyekula. Hilo linaniogopesha hata zaidi ya njaa, na nalisema nikijua njaa ni nini.

Basi nina ombi kwa wasomaji. Makanisa yetu yana ibada ya mavuno. Watu huleta mahindi, mtama, kuku na maboga mbele ya madhabahu, na baada ya ibada hupigwa mnada. Misikiti ina zaka ya fitri na sadaka za kila Ijumaa. Kama kila usharika na kila msikiti ulio karibu na shule ya kutwa ungetenga fungu moja tu la mwaka kwa ajili ya nafasi nyeupe za shule hiyo, mjane hangeona amefanywa mjinga na mzee mwenyekiti hangeogopa kupika maji. Na wewe ambaye mtoto wako ana tiki, nenda kwenye kikao cha wazazi, usisubiri kuitwa. Wataanza na hesabu za kuni na chumvi. Wakimaliza, simama uulize saa ya chakula ikifika wale ambao hawajachangiwa wanakaa wapi. Uliza kwa majina ya watoto, kisha usikae mpaka ujibiwe.